Kunde na Choroko za Hamisi

Jumatatu, 5 Mei 1958
Nimefungua meza sokoni saa moja. Mvua, lakini kunde zimetoka. Kila mteja nimemwambia mwanangu Hamisi yupo likizo kutoka chuoni Kampala. Wengine nimewaambia mara mbili. Na wasikie.

Nyumbani Hamisi katandika nguo ya marekani sebule nzima, kaichora miraba, themanini kwa themanini. Kachanganya kunde na choroko zangu chunguni. Anafumba macho, anatoa punje moja, anaiweka kwenye mraba. Tena. Tena. Tuseme kunde inapitisha umeme, choroko inauzuia, ndivyo alivyonieleza. Anataka kujua: kitu kikichanganyika bila mpangilio wowote, kunde ziwe ngapi ndipo umeme upate njia kutoka ukingo huu hadi ule? Fizikia hiyo. Nimeelewa, mimi wa darasa la nne!

Hesabu hii ikimfikia mwalimu wake kabla mwalimu huyo hajaondoka Kampala, atamwandikia barua ya kwenda kusoma Ulaya. Lazima ipande ndege ya Jumamosi.

Jumanne, 6 Mei
Jirani yangu Mama Zuhura kachungulia dirishani. "Msomi wako ndiyo anacheza bao na kunde?" Nikamwambia bao liko kwao, hapa wanacheza wenye akili. Kacheka. Kesho anamleta wifi yake amwone Hamisi. Ana binti, huyo wifi. Nimefua kanga zote mbili.

Jumatano, 7 Mei
Nimefanya jambo baya.

Hamisi alimaliza kujaza miraba adhuhuri, akaenda Ilala kwa rafiki yake kuazima rula. Wageni njiani. Nikaitazama ile sebule. Mimi, muuza nafaka, niliyeuza Kariakoo tangu Hamisi ananyonya, nipokee wageni na kunde zimechanganyika na choroko sakafuni? Mwanamke gani huyo? Nikazikusanya. Nikachambua. Kunde bakuli hili, choroko bakuli lile, marekani nikaikunja vizuri. Nilihakikisha haikupotea hata punje moja. Nikajisifu moyoni.

Hamisi karudi wageni wakiwa wanakunywa chai. Kayaona mabakuli. Kasalimia watu wazima, shikamoo, shikamoo, katoka nje, kakaa kizingitini. Wageni walipoondoka ndipo akaniambia. Punje si kitu. Alichokitaka ni ule mchanganyiko wenyewe, kila punje mahali ilipoangukia. Alikuwa hajaunakili.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 8 Mei
Meza sikufungua. Hamisi kaanza upya alfajiri. Alipokwenda kuoga nikataka kumsaidia, nikajaza mistari kumi kwa mkono wangu, ovyo ovyo kabisa, naapa. Karudi, katazama kidogo tu. "Mama, hii umeipanga." Nikakana. Kanionyesha kwa kidole: hakuna mahali kunde nne zimefuatana mstarini. Kila zikitaka kurundikana, mkono wangu umetia choroko. Miaka yote ya kusuka mikeka, vidole havijui kufanya ovyo. Ovyo ya kweli ina marundo na ina mapengo.

Nimeona haya. Halafu nimecheka. Naye kacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Sasa tuko wawili. Nafumba macho, natikisa chungu, natoa. Yeye anaweka. Mgongo unaniuma.

Ijumaa, 9 Mei
Tumeacha kwa sala tu. Mama Zuhura kaja kuchungulia, nikamfunga kanga machoni, nikampa chungu. "Na mimi nitakwenda Ulaya?" Nikamwambia atoe punje, aache maneno. Katoa mpaka alasiri. Mdomo mrefu lakini mtu.

Mraba wa mwisho umejaa kabla ya magharibi. Hamisi kafuata kunde kwa penseli, moja hadi nyingine, kulia, kushoto, anarudi nyuma. Roho iko mkononi. Hatua tatu kutoka ukingo, choroko. Njia hakuna. Nikalia. Akasema nisilie, hata "hapana" ni jibu. Ile miraba aliyoijaza chuoni mwezi uliopita, yenye kunde zaidi kidogo, njia ilipatikana. Kwa hiyo mpaka uko hapo katikati. Sura yake ilikuwa ya marehemu baba yake akipata samaki mkubwa mnadani.

Kanakili yote. Sikugusa hata ufagio.

Jumamosi, 10 Mei
Posta tulikuwa wa kwanza mlangoni. Bahasha imepokewa. Nimemwambia karani ndani mna nini. Na waliokuwa nyuma yangu.

Jumanne, 27 Mei
Barua imekuja. Mwalimu amekubali, na mahali pamepatikana Ulaya. Meli mwezi wa nane. Miaka mitatu.

Hamisi kaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa ajili yangu. Nimempa mkono kama mwanaume. Kisha nimekwenda sokoni, nimefungua meza. Mwenye meza ya jirani kaniuliza habari za nyumbani. Nimesema nzuri. Nimempimia mteja kunde vibaba vitatu. Mpaka nafunga sikumwambia mtu kwamba Hamisi anaondoka.