Mkunazi Niliouacha Ukatwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na muda wote huu nina neno ambalo sikupata wa kumwambia ila wewe. Ule mkunazi wa uani kwetu Ibra, hapa Oman, haupo tena. Umekatwa, na aliyetoa ruhusa ni mimi.

Baridi ikianza kukatika, kunazi zikishaiva nyekundu ya kahawia, ulikuwa ukinipigia simu Nizwa nilikoolewa: "Njoo, mwanangu, ndege wanatumalizia." Nikifika nakukuta umeshatandika mashuka yako makuukuu chini ya mti. Wewe ukishika upondo wa kuziangusha, mimi na mdogo wangu Hilal tukiokota, miiba ikituchoma vidole. Za juu kabisa hukutuachia tuziguse. "Hizo za ndege. Nao wana watoto."

Zikikaa juani siku tatu kwenye jamvi, juu ya paa, mpaka zikunjamane. Halafu ukizipika kwa sukari, ndimu, chumvi na pilipili ya unga, na mwiko hukumpa mtu. Wajukuu zako wakiziita nabaq, kwa Kiarabu cha hapa, nawe ukiwarudi: "Kunazi. Semeni kunazi." Siku moja ulinambia kwamba ulipofika Oman kutoka Unguja kila kitu kilikuwa kigeni kwako, hata Kiarabu chao, mpaka ukauona mti wa aina hii ukaujua jina. Ndiyo maana uliupanda hata nyumba haijaezekwa.

Ulipokuwa hoi kitandani ulinishika mkono. "Hilal ana moyo laini, kila mtu humvuta. Wewe ndiye mkubwa, atakusikiliza. Usiwaache wakaukata mkunazi wangu." Nikasema inshallah.

Hilal alitaka kuongeza vyumba, mwanawe anaoa. Alinipigia mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia tutazungumza. Mara ya pili nilikuwa kazini, nikamkatia simu. Mara ya tatu nilikuwa garini, nimechoka, nina njaa.

"Dada, fundi anasema mti lazima utoke. Wasemaje?"

"Nyumba mnakaa nyinyi, Hilal. Fanyeni mnavyoona."

"Kweli, Dada?"

"Kweli."

Nilipokuja Ibra nilikuta matawi yamerundikwa ukutani, kunazi zake bado mbichi. Hata lile jiko lako la kuezekwa bati, lililokuwa chini ya mti, walikuwa wamelibomoa, ua wote umemwagwa saruji. Nilizichuma zile mbichi nikazitia mtandioni, nikaenda nazo Nizwa, nikazianika, nikazipika kama ulivyonifundisha. Zilitoka kakasi, ulimi ukakauka. Kabla ya mwezi kwisha zikaota ukungu ndani ya chupa, nikazifukia nyuma ya nyumba, mume wangu akinitazama.

Tangu hapo, kila nikija Ibra, baada ya alasiri nazisikia zinaanguka. Unaikumbuka sauti ile, kunazi ikidondoka juu ya bati la jiko, kisha ikibingirika. Mti haupo. Bati halipo. Mwanzo nilidhani ni mimi tu. Siku moja nilikuwa nakunywa kahawa na Hilal uani, nikamwona ameinua kichwa, kikombe kimesimama njiani.

"Na wewe wasikia?" nilimuuliza.

"Kila siku." Akakiweka kikombe chini. "Nilikupigia mara tatu, Dada. Nilikuwa nakungoja unikataze. Ungesema hapana, wangenyamaza wote, fundi na mke wangu na mie mwenyewe."

Tukakaa tukizisikia mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Wiki iliyopita jirani yako Bi Raya alifariki, nami niko Ibra. Asubuhi binti yake, aliyeolewa mbali, aliingia kwa mlango wa uani, hakubisha hodi, mkononi ana beseni tupu. Alikuja kama watu wa mtaa mzima walivyozoea kuja kwako wakifiwa, kuchuma majani ya mkunazi ya kumwoshea maiti. Alifika katikati ya saruji akasimama. Akatazama juu, akatutazama sisi.

"Samahani," alisema, kana kwamba kosa ni lake. "Sikujua."

Nililichukua lile beseni. Hilal akatoa gari, tukaenda nje ya mji mpaka kwenye wadi, bonde la mto mkavu, tukapata mkunazi wa porini unaokula vumbi. Tulichuma tawi kwa tawi. Miiba ilimkwaruza Hilal mikono mpaka ikatoka damu, naye akilia waziwazi, mtu mzima mwenye mvi. Beseni lilipojaa alisema, "Ikifika zamu yetu, Dada, watoto wetu watajua kwa kwenda?"

Tukayapeleka. Binti wa Bi Raya aliyapokea kwa mikono miwili, akatuombea dua, na dua ile ilinichoma kuliko lau angetutukana.

Sikuombi uniondolee ile sauti, Mama. Naona inanistahili. Nakuomba radhi tu, na Hilal naye anaiomba. Yeye mpe kwanza; alinitii mimi, kama ulivyomfunza. Mwenyezi Mungu akupe kivuli kipana huko uliko, kisichokuwa na wa kukikata.

Binti yako mkubwa