Ezio Marangon, Kocha Aliyemtoa Rodrigue Uwanjani

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike, shemeji Ezio, na klabu uliyoifundisha haijamtuma hata mtu mmoja kaburini. Siku ya mazishi tuliwawekea viti vya mbele kanisani, kama wageni wa heshima. Watu wetu walisimama nyuma mpaka misa ikaisha. Viti vilibaki vitupu.

Wanaosoma hapa wajue ulikuwa nani. Kwenu Italia ulikuwa beki wa kati, timu za daraja la pili. Walikudunga sindano ya ganzi gotini ili ucheze, ukacheza, na goti halikupona tena. Ulipofika Sydney ulipakia vigae kiwandani Smithfield, na jioni ukafundisha vijana wetu mpira. Hapo uwanjani ndipo ulipomwona dada yetu Kasoki.

Uliwafunga mabeki wanne kamba ya kuanikia nguo kiunoni, wajifunze kusogea kama mtu mmoja. Rodrigue, mwana wa mama Anésie, alilalamika: "Kocha, sisi si mbuzi."

Ukamjibu kwa Kiswahili ulichofundishwa na mkeo jikoni: "Mbuzi anasikia. Wewe songa."

Msimu ule hakuna aliyewapita kirahisi. Mkafika fainali.

Kwenye fainali Rodrigue aligongwa kichwa. Aliinuka, akakuuliza leo mnacheza na nani. Wachezaji wa akiba ulikuwa umeshawamaliza. Mwenyekiti wa klabu akakufuata pembeni ya uwanja.

"Mwache, atakaa sawa. Hii ni fainali, kocha."

"Kichwa hakina spea," ulisema, ukamtoa.

Mkabaki kumi, mkafungwa. Hospitali walimkuta Rodrigue anavuja damu ndani ya kichwa. Angeendelea kucheza, tungemzika yeye kabla yako.

Hata hivyo mwenyekiti alikufukuza mbele ya wachezaji, na wale waliokula kwako kila Jumapili waliangalia chini. Wengine ni ndugu zetu kabisa. Tunakutana nao madukani Liverpool, hapa hapa Sydney, wanatusalimu, tunawajibu. Salamu tu.

Wewe hukulalamika. Jumapili uliendelea kupika makaroni kwenye lile sufuria kubwa. Kasoki alikuambia, "Baba Gloire, punguza, hawaji." Ukasema labda wamechelewa. Tulikasirika kwa niaba yako, ukatucheka, ukatupakulia.

Kati ya timu nzima, Rodrigue peke yake ndiye aliyebeba jeneza lako.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kasoki, binti yako Gloire, mashemeji zako Bahizire na Anicet, mama Anésie, na Rodrigue, ambaye sasa ni wa nyumba hii.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, wala hatutasahau kumtoa mchezaji mmoja kulikugharimu nini. Ulikosa kombe. Ulinyang'anywa timu. Marafiki wa mezani kwako waliondoka wote. Na Gloire, aliyekuwa anacheza beki kama wewe, tangu siku ulipofukuzwa hajagusa mpira tena.