Vijiti Tulivyovichambua

Jumatatu, 3 Juni 2019

Watu wengi hudhani vijiti vya mchai ndani ya tofali la chai ni uchafu wa kumpunja mnunuzi. Sivyo. Majani matupu yakishindiliwa hubanana kama udongo. Vijiti huacha vijia vya hewa, na bila hewa maua ya dhahabu hayachanui — ule ukungu wa manjano unaoipa chai yetu utamu wake.

Haya nimewaeleza wanafunzi, wageni, hata madereva wa malori. Lakini juzi mnunuzi wa Changsha alimcheka binti yangu: “Dada, unauza chai au kuni?” Huiying akaapa kuvitoa vyote. Nikanyamaza! Leo nimekaa naye kuchambua. Tangu aache kazi ya benki arudi hapa Anhua, sijamwona na furaha hivi.

Jumamosi, 8 Juni

Matofali ya kwanza yamo kwenye chumba cha joto. Jirani yetu Long alituletea zongzi, wali wa kunata uliofungwa majanini, zilizobaki jana, sikukuuni. Akapima tofali moja mkononi.

“Mwalimu, hili la kunywa au la kujengea choo?”

“Mzee Long, vijiti tumewapa nguruwe wako. Kawaulize wao!” akajibu Huiying.

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Aibu.

Ijumaa, 14 Juni

Madoa ya manjano juu ya matofali! Huiying karuka kama mtoto. Kampigia simu mumewe: arudishe nyumba ya kupanga, aache kazi, aje. Nilitaka kusema, subiri — juu si ndani. Nikasema, hongera mwanangu.

Jumapili, 16 Juni

Huiying alipokwenda sokoni nilikata tofali moja kwa msumeno. Kati ni jeusi, bichi, linanuka mkeka uliolowa. Hakuna ua hata moja. Nusu ya majani ya mwaka huu imeharibika, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Sikutaka kumvunja moyo, basi. Sasa utavunjika zaidi.

Nimelifunika kwa gazeti. Namficha nani?

Amerudi. Jiko la mvuke wa kulainishia majani limeshawashwa, anataka kushindilia nusu iliyobaki, nayo safi, bila kijiti. Mumewe ameshaaga kazini.

“Baba! Njoo unishikie gunia!”

“Nakuja.”

Bado nimekaa, naandika. Ananiita tena.

Inuka. Kabla mashine ya kushindilia haijashuka, mwonyeshe tofali lililokatwa.