Usiwaachie Jua Lako

Furaha, mjukuu wangu,

Sisi huku Songo tuko wazima. Mama yako anaandika, mimi nasema.

Unauliza kama kuumizwa na matusi ambayo watu wanakuandikia mtandaoni chini ya nyimbo zako ni kuchagua mwenyewe, na kama ufunge ukurasa wako.

Babu yako alipokufa, wenzangu tuliouza nao samaki wa ndagala pale ufukweni waliniita mchawi. Mmoja akasema, “Weye, usikasirike, iko maneno tu.”

Nikamjibu, “Mama, mwiba ukinichoma, muguu wangu ndio ulichagua?”

Nililia mbele yao. Lakini pale nilipoanika palikuwa na jua zuri, nao walipataka; waliniita mchawi ili nihame. Nikaendelea kugeuza ndagala zangu mchangani, machozi yakishuka, hadi zikakauka zote.

Lia, mtoto. Halafu uimbe hapohapo. Wenye kuchukia sauti yako wahame wao.

Koko wako