Saa Tatu ya Upande Gani

Jumatano, 7 Machi 2012
Nimefungua duka la Mama, nimepanga vitenge, nimerudi kwenye kete za sataranji. Shambulio lilelile la farasi, tena na tena. Mama kapita akanung'unika: "Hao farasi wako wangekuwa wanalima, tungeshiba." Sikucheka. Chuo nilimaliza mwaka jana, kazi hakuna. Klabu yetu ya sataranji ina nafasi moja ya mashindano ya Arusha. Naitaka kuliko kazi.

Alhamisi, 8 Machi
Fainali ni mimi na Ba Mwila, wakala wa forodha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Anacheza haraka huku anapiga mluzi. Simpendi. Raundi zote tumechezea kwao. Fainali ni huku Tunduma, Jumamosi saa tatu asubuhi. Kaniaga kwa kejeli: "Sista, uje na leso."

Ijumaa, 9 Machi
Nimelala vibaya. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Saa tatu yake ni saa nne yetu. Hakuna aliyemkumbusha. Akichelewa saa nzima, kanuni inanipa ushindi. Namba yake ninayo.
Sijapiga.

Jumamosi, 10 Machi
Kiti chake kitupu. Mwalimu Simbeye, mwamuzi wetu, kaiwasha saa ya mchezo ya Ba Mwila. Nilikaa nikitazama dakika zake zikiliwa. Nilitaka asije. Kisha nikaona siwezi kukishinda kiti nikajiita bingwa. Nikatoka nje, nikampigia, nikamwambia ni saa tatu ya huku.
"Mayo!" Akamwita mama yake kwa Kibemba, akakata simu.
Alifika anahema, shati limelowa, nusura afutwe. Hakulalamika. Muda wake ulikuwa umebaki kidogo, akawa anasogeza kete kama anayeua nzi. Nami, mwenye muda tele, nikafuata mwendo wake. Ujinga. Nilishamzidi farasi mmoja. Nikagusa ngome kabla ya kutazama, na ukigusa kete lazima uichezeshe. Ngome hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlinda mfalme wangu. Malkia wake akashuka mpaka mstari wa mwisho, mfalme wangu akanaswa. Imekwisha.
Saa yangu ilikuwa bado na zaidi ya saa nzima.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya ibada Ba Mwila kaja dukani. Kauliza kwa nini nilimpigia. Nimemwambia nilitaka kucheza. Kanunua kitenge cha mke wake bila kuomba punguzo, kaondoka.
Ni kweli, nilitaka kucheza. Ila sina hakika kama ningempigia tena. Hilo linaniuma kuliko Arusha.