Yeyote Kati Yetu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu amerefuka hadi suruali za shule zinaonyesha soksi zote, naye anakusalimia sana. Anauliza kama kwenye ghala lenu la barafu mtu akilia machozi yanaganda shavuni. Nilimwambia nitakuuliza wewe, maana mimi sijui na yeye hakubali kwamba kuna kitu nisichokijua. Mama naye ni mzima, ila juu yake nina mengi ya kueleza.

Utashangaa kupata barua wakati tunazungumza kwa simu kila Jumapili. Lakini unaijua simu yetu ilivyo. Inawekwa katikati ya meza, sauti inafunguliwa mpaka mwisho, kila mtu anasikia, na zamu yangu ikifika ulimi unakuwa mzito kama niliyechomwa sindano ya ganzi. Unaniuliza masomo, najibu mazuri. Unaniuliza nasoma kitabu gani siku hizi, najibu kingine. Kisha wewe unasema haya, tuko pamoja, na simu inakatika. Nikishika kalamu ndipo maneno yanapokuja, hata yale ambayo sikuyaita.

Ulipotoa wazo la akaunti ya pamoja, kwamba utakachotuma wewe na atakachopata Mama kwenye makochi viingie mfuko mmoja mpaka tukinunue chumba cha karakana kabla mwenye nyumba hajamwuzia mtu mwingine, Mama alifurahi kwa namna yake. Yaani hakusema kitu, ila siku ile alipigilia misumari huku akiimba. Yule msaidizi wake tunayemwita Sponji, kwa sababu hata ukimkandamiza vipi anainuka tena na tabasamu, alisema bosi sasa anakuwa mtu wa benki, kwa hiyo kuanzia kesho atakuwa anampigia saluti kwa mkasi. Mama alimwambia aanze leo, na akishamaliza saluti akafagie.

Fomu uliyoijaza sehemu yako ilifika salama. Tulikwenda nayo benki, Mama na mimi, nikiwa bado na sare ya shule. Mama alikuwa amevaa lile gauni la kijani na amejipaka mafuta mikononi ili nyufa za gundi zisionekane. Tuliketi kungoja zamu. Alibonyeza kiti kwa kidole gumba, akanong'ona kwamba benki yenye pesa zote hizi imeweka sponji ya kufungia vyombo. Nilitamani kucheka, lakini mlinzi alikuwa anatuangalia.

Afisa aliyetuhudumia ni dada kijana, mpole, anayeuma kalamu anapofikiri. Alimwonyesha Mama kwamba kwenye fomu yeye ndiye mwombaji wa kwanza na wewe ni wa pili. Mama akauliza kwa nini awe wa kwanza. Dada akasema ni kwa sababu yeye ndiye aliyepo. Mama akasema hapo benki imesema kweli. Palipoandikwa uhusiano wa waombaji, akauliza kama neno mume linatosha au ni lazima waongeze kwamba ni wa kwenye simu. Yule dada alicheka hadi mteja wa dirisha la pili akageuka. Nakueleza haya, Baba, ili ujue kwamba mpaka dakika ile Mama alikuwa na furaha.

Kisha wakafika kwenye sehemu ya saini. Sijui kama unaikumbuka. Imeandikwa kwamba akaunti itaendeshwa kwa saini ya, halafu kuna visanduku viwili. Cha kwanza kinasema yeyote kati yetu. Cha pili kinasema wote kwa pamoja. Wewe uliweka tiki kwenye cha pili. Tiki kubwa, nzuri, imevuka mpaka wa kisanduku.

Dada alimwuliza Mama kama ameelewa maana yake. Mama akasema si ndiyo akaunti yenyewe ya pamoja. Dada akamweleza kwamba hapana, hilo ni jambo jingine. Akaunti ni ya pamoja hata wakichagua cha kwanza. Hiki cha pili maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kutoa kitu mpaka wote wawili wamesaini. Mama akauliza, kwa mfano ametaka jora la kitambaa. Dada akasema saini mbili. Na kama mwenzake yuko nje ya nchi. Karatasi itasafiri, isainiwe, irudi. Akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, hata kwa pesa yake mwenyewe ya makochi. Dada akasema kwa upole kwamba ndani ya akaunti hiyo hakuna ya mama wala ya baba. Mama akasema, aa.

Unaijua hiyo aa yake. Ni fupi, na baada yake mlango unakuwa umefungwa.

Akachukua kalamu akasaini. Dada akatazama saini, akatazama kitambulisho, akauma kalamu, akasema samahani mama, hizi mbili hazifanani hata kidogo, na fomu ikishaharibika saini haifai tena. Ikabidi tupewe fomu mpya, tuanze upya sote, na wewe pia. Hiyo ndiyo sababu Mama alikutumia ujumbe kwamba benki imekataa saini yake. Ni kweli ilikataa. Lakini mimi naiona saini ya Mama kila siku kwenye risiti za wateja, ile yenye mkia kama uzi uliochomoka kwenye mto. Anaisaini huku anaongea, huku anatafuna, huku ameshika nyundo kwa mkono mwingine, na haijawahi kukosea.

Njiani alitembea haraka mno. Aliwapita watu anaowasalimia siku zote. Tulipofika karakana alilivua kitambaa kochi la daktari wa meno, lililokuwa limekamilika na kufunikwa nailoni, akasema mistari imepinda. Sponji alichuchumaa akaitazama kwa jicho moja, akasema bosi, mistari hii imenyooka kuliko maisha yangu. Mama akamwambia ashike koleo na aachane na falsafa. Waling'oa pini zote. Mimi nilikuwa nimefungua kitabu kwenye kona yangu ya mabaki ya vitambaa, nikasoma ukurasa mmoja mara kadhaa bila kujua anayezungumza ni nani.

Tangu siku ile nyumba haitulii. Mama anaanza kupanga kabati, analiacha wazi, anakwenda kufua. Anafua nguo ambazo hazijavaliwa. Akiketi, kiti ni kama kina misumari iliyosahaulika. Mdogo wangu alimwuliza anatafuta nini, akajibu anatafuta pa kuweka mikono.

Baba, nilijaribu kukutetea. Nilimwambia Mama kwamba huenda hukulitazama swali vizuri. Juu kabisa ya fomu pameandikwa akaunti ya pamoja kwa herufi kubwa, kwa hiyo mtu aliyechoka, ametoka zamu, akikuta kisanduku kimoja kina neno pamoja na kingine hakina, mkono utakwenda wenyewe kwenye pamoja. Tena wewe ni mtu wa neno hilo, kila simu unaifunga nalo. Nilikuwa nimelitafuta hata kwenye kamusi, nikamweleza kwamba kosa si la mtu, ni la neno lenyewe kufanya kazi mbili kwenye karatasi moja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tuko pamoja husemwa hata na wanaotafuta kura, na yule anayemwuzia gundi isiyoshika pia huagana naye hivyo hivyo. Akasema mimi nimesoma sana vitabu na baba yangu amesoma sana watu. Baada ya Baba Mdogo kupewa pesa za mabati na mabati yasionekane, baba yako alisema nini, akaniuliza. Nakumbuka ulichosema. Ulisema kuanzia sasa hutamwamini mtu, utaamini karatasi.

Mama akasema, basi, na mimi ni mtu.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Aliendelea kushona kingo za mto, akaongeza, kama anayeongea na sindano, kwamba miaka yote hii amelea, amelipa kodi ya karakana, amewabeba wazazi wako hospitali, na hakuna aliyemwomba saini ya pili.

Jumapili mbili zilizopita ulipopiga simu nilikuambia yuko na mteja. Hapakuwa na mteja, Baba. Alikuwa amesimama mlangoni, amejifuta mikono tayari, anasikiliza. Ulipouliza kama yuko sawa, alinitazama nione nitajibu nini. Nikasema yuko sawa. Ukasema msalimie, na yeye akageuka akaenda uani kabla sijaiweka simu chini.

Jumamosi tulirudi benki. Yule dada alitukumbuka. Mama alisaini fomu mpya mbele yake, mara moja tu, na saini ikatoka na mkia wake wote, pacha wa ile ya kwenye kitambulisho. Dada akafurahi, akasema leo mkono wa mama umetulia. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu hapo ndipo nilipopata uhakika wa kile nilichokuwa nakishuku. Sehemu ya visanduku viwili Mama aliiruka. Dada akamwonyesha kwamba ameacha wazi. Mama akasema hapo atajaza mwombaji wa pili.

Tulipokuwa tunainuka, akauliza kama mtu anayeuliza saa, kwamba mtu akitaka kufungua akaunti yake peke yake huhitaji nini. Dada akasema ni kitambulisho na picha tu, shughuli ya asubuhi moja. Mama akashukuru. Vyote viwili vilikuwa kwenye mkoba wake.

Na jana alinipa fomu niitie kwenye bahasha na kuandika anwani yako, maana mimi ndiye karani wa nyumba. Akanipa na sharti. Akasema nisiandike neno lolote la maelezo. Nisimfundishe baba yangu. Amekwisha saini, kwa hiyo chochote utakachochagua wewe, atakuwa amekubali mbele ya benki. Lakini anataka kuona mkono wako, bila kusukumwa na mtu, unakwenda wapi. Fomu ikirudi na tiki kwenye cha kwanza, ataipeleka benki siku hiyo hiyo. Ikirudi na tiki kwenye cha pili tena, haipeleki. Hatapiga kelele wala kuwaita wazee. Ataweka pesa za makochi yake kwenye akaunti yake na wewe zako kwenye yako, na mtaendelea kusalimiana Jumapili. Alipomaliza alinishika bega, akasema anajua ninaweza kunyamaza, hiyo ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote.

Nilikubali. Nikaenda kulala na nikashindwa. Nikikunyamazia, na kama kweli ulikosea kwa sababu ya neno, basi utakosea tena, na tutakuwa tumevunjika kwa sababu ya kisanduku. Nikikueleza, utaweka tiki pale ninapokuambia, na Mama atafurahia kitu ambacho si chako. Atafurahia mkono wangu akidhani ni wako. Nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande unachoma.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Barua hii nimeitia kwenye bahasha yake ndogo ndani ya ile kubwa, nimeifunga kwa gundi ya karakana, ile inayoshika, na juu yake nimeandika: Baba, jaza fomu kwanza, ndipo ufungue.

Kama umetii, basi tiki imeshawekwa unaposoma hapa, na mimi sikumfundisha mtu. Kama hukutii, nimemsaliti Mama na wewe umenisaidia kumsaliti, na hilo tutalibeba wawili. Sijui upo upande gani, na sina namna ya kujua.

Lakini kwa vyovyote vile, nakuomba jambo moja. Kama tiki iko kwenye kisanduku cha pili, usifute. Benki haipokei fomu iliyofutwa, na Mama ataiona alama ya chini hata ukiifunika kwa wino. Usinipigie mimi pia. Mpigie yeye, si Jumapili, si mezani mbele yetu sote, mpigie karakana mchana akiwa na nyundo mkononi, umwambie ulikuwa unafikiri nini ulipoiweka. Hata kama ulichofikiri si kizuri, mwambie hicho hicho. Atakasirika, na akikasirika ataongea, na akiongea nitaweza kulala.

Mdogo wangu ameniambia nisisahau swali la machozi. Bibi na Babu wanakuombea kila siku na wanakutaka uvae vizuri. Sponji anakupigia saluti ya mkasi. Mama hajatuma salamu, lakini nilipokuwa nafunga bahasha kubwa alirudi mara mbili kuuliza kama nimeandika jina lako sawasawa.

Mimi ni binti yako akupendaye,

Karani