Mtu Aliyenijua Nikiwa Mdogo

Jumapili, 8 Juni 2025
Nimesoma kile kikaratasi cha nesi Suzan mara nne. Alikileta kutoka semina ya wilaya, kinahusu watoto wenye usonji. Watoto! Mimi nina miaka arobaini na moja. Lakini kila mstari ni mimi. Kelele zinazouma kama jino bovu. Kutotazama watu machoni. Chakula kile kile. Kupanga vitu. Suzan ananiona kila siku maabara, nimeinamia darubini, naitwa siitiki. Alikiweka mezani kwangu akaenda zake. Nadhani ni makusudi.

Leo nimemkumbuka baba. Alivyopanda kahawa kwa kamba kule kijijini kwetu Bukiriro, shina kwa shina, mimi nimeshika ncha ya pili. Asubuhi nzima hakuna anayesema. Raha kama ile sijaipata tena.

Jumatano, 18 Juni
Nimempigia daktari mmoja wa Mwanza, anayepima usonji. Maneno yote niliyaandika kwanza, nikayasoma kama habari ya redio. Atanipokea tarehe 3 Julai. Ila anataka mtu aliyenijua nikiwa mdogo sana, aje aeleze.

Baba hayupo. Mama miguu yake haiwezi safari ndefu. Amebaki dada Bonifasia — na dada hajasema nami tangu mazishi ya baba. Miaka sita! Simu zangu hapokei.

Jumamosi, 21 Juni
Nimekwenda mwenyewe Nyakanazi. Dada anauza chakula pale stendi. Malori, honi, wapiga debe, vibanda vitatu vya muziki kwa pamoja. Nilijaza pamba masikioni, nikasimama kando ya jiko lake mpaka wateja walipopungua.

— Shikamoo dada.

Marahaba haikuja. Aliendelea kugeuza ndizi kwenye sufuria.

Nikamwambia nilichofuata. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, na waliobaki wanasikia: siku tunamzika baba, watu wanalia, wewe ulikuwa unapanga viti vya plastiki. Vya bluu huku, vyeupe kule. Hata chozi! Ukoo mzima uliniuliza mimi, huyu mdogo wako ana moyo wa namna gani?

Nikamwambia ukweli. Nisingepanga viti ningeanguka. Na nililia — miezi miwili baadaye, maabara, saa nne asubuhi, nimeshika sampuli ya mtu.

Akanipakulia ndizi. Mchuzi akautia bakuli la pembeni, usiguse ndizi. Alikumbuka! Lakini kama atakuja, hakusema.

Alhamisi, 3 Julai. Mwanza
Amekuja! Amevaa kitenge chake cha kanisani.

Zaidi ya saa mbili mbele ya daktari. Daktari anauliza, dada anajibu. Mengine nilikuwa sijui kabisa. Kwamba sikusema neno mpaka miaka minne. Kwamba wageni nilikuwa nawanusa mikono badala ya kuwaamkia, mama anaona aibu, baba anageukia ukuta kuficha kicheko. Hili nalikumbuka: mwaka tisini na nne baba alitupeleka Benaco kuuza ndizi. Kambi ya wakimbizi imejaa, moshi, watu mpaka macho yanapoishia. Nikalala kifudifudi katikati ya njia, nimeziba masikio. Baba aliziacha ndizi palepale, akanipakia kwenye baiskeli.

Hapo dada akaacha kumtazama daktari. Akanigeukia.

— Na mimi nilitembea nyuma ya ile baiskeli, Adelfina. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Nikauliza: ulichoka?

Akacheka, huku machozi yanamtoka. Nilichoka sana, akasema. Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Ndiyo — ni usonji. Si homa ya kupona. Ndivyo nilivyo tangu tumboni mwa mama. Nilidhani ningefurahi tu. Nimefurahi. Pia nimechoka kama mtu aliyebeba maji mlimani akaambiwa bomba lilikuwepo.

Jumatatu, 7 Julai
Nimemwambia mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya, Bwana Wiston. Kasema, mbona unaonekana mzima. Nikasema mimi ni mzima. Mwishowe kakubali: mlango wa maabara niufunge, sampuli zipitie dirishani.

Nimefunga mlango. Kimya! Kisha huzuni ikanijia, kwa ajili ya yule msichana niliyekuwa mimi kidato cha kwanza, aliyekuwa anakula nyuma ya bweni asisikie vijiko vya bwalo. Walimu walimwita mwenye maringo. Natamani ningemfungia yeye huu mlango.

Jumamosi, 12 Julai. Bukiriro
Misa ya kumbukumbu ya baba. Mimi na dada tumekaa benchi moja, la mlangoni.

Nyumbani dada akamweleza mama. Kwa Kihangaza, maana Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu. Mama akauliza usonji ndiyo nini, ni usingizi? Dada akaanza upya. Mtu asiyependa kuguswa. Maneno machache. Sahani ile ile miaka yote. Wageni wakija anatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama aliacha kumenya ndizi, kisu kikabaki hewani.

— Mnamsema Adelfina, au mnamsema Pancras?

Pancras ni baba.

— Miaka thelathini na tisa nimekaa naye. Nampa chakula, hasemi asante. Natoka kwetu baada ya wiki mbili, hanitazami. Nilijua nimeolewa na mtu asiyenitaka. Padre nilimwambia. Mama yangu nilimwambia.

Nikasema, mama, hatuwezi kujua, aliyekufa hapimwi. Dada akanikanyaga mguu.

Mama hakunisikia. Akasema, polepole: kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anaezeka upya jiko langu. Sikuwahi kumwomba. Akainuka, akashika ukuta, akatoka.

Saa kumi na moja sasa. Bado mama yuko kaburini kwa baba, pale migombani. Dada kasema tumwache. Mimi niko dirishani, naandika. Namwona mgongo. Alikuwa anasema kwa sauti, kidole juu — anamgombeza! Kisha akakaa chini kwenye majani. Sasa ameinamisha kichwa, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Dada amechukua mkeka. Ananiita twende. Sijui mama atataka ashikwe, au tukae tu karibu naye. Naenda.